Daktari, Mkewe na Klachi ya Mkono

Nimeacha kazi ya gereji mwezi uliopita, na ninyi niliowaacha pale Unga Limited, Arusha, mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya giaboksi kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, mgongo hauniruhusu tena kulala chini ya gari, na fundi asiyeweza kulala chini ya gari ana muda mwingi wa kukaa. Pili, bado mnabishana kila mchana kuhusu oto, zile gia zinazojibadilisha zenyewe, na gia za mkono, hasa likija gari la spoti, na kila mmoja anaapa kwamba Mama Baraka alisema hivi, Mama Baraka alisema vile. Ni kweli nilisema mengi. Mengine niliyakana mwenyewe baadaye.

Nilizaliwa Ngaramtoni, kwa wazazi wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa mahindi. Baba alitaka niwe nesi. Nilipomaliza chuo cha ufundi alishinda zizini siku nzima, halafu akauliza kama huko mjini magari yanaugua sana. Nikamwambia yanaugua. Akasema basi ni unesi tu, nenda.

Siku ya kwanza gereji nilimkuta Mzee Nnko, Mmeru wa Maji ya Chai, mtu mfupi mwenye vidole vinene, aliyekuwa anasifika kwa giaboksi kuliko fundi yeyote mjini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuchukua gari la nani?"

"Nimekuja kufanya kazi."

Alitazama viatu vyangu, akanipa debe la mafuta ya taa na brashi, akaondoka. Nikaosha meno ya gia hadi saa kumi jioni. Nilipomaliza aliyapanga juu ya gunia, akayavuruga, akasema, "Yapange kama yalivyokuwa." Sikuweza. Akayapanga yeye taratibu, akinieleza lipi linakamata lipi, na kwa nini zile pete za shaba zikiliwa gia inapiga kelele. Hakunisifu wala hakunifokea. Kesho yake akanipa debe lilelile.

Kitu kimoja alichokisema wiki ile ya kwanza nimekirudia kwa wengi wenu: "Gia hailazimishwi. Inaombwa, ikikubali inaingia." Wateja walikuwa wananipita mlangoni wakiuliza, "Fundi yuko wapi?" nikiwa nimeshika spana. Mzee Nnko alikuwa anajibu bila kuinua kichwa, "Umempita." Ndivyo nilivyopata jina la fundi.

Kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa gia za mkono tu: malori ya mahindi, pikapu za wafugaji, magari ya watalii yaliyorudi kutoka porini yamekunywa vumbi. Kisha magari madogo kutoka Japani yakaanza kuingia kwa wingi, na mengi yalikuwa oto. La kwanza lilipoletwa kwetu, Mzee Nnko alilizunguka kama mtu anayezunguka shimo la nyoka.

"Hili limekatwa mguu," akasema, akionyesha pale ambapo kanyagio la klachi lilipaswa kuwa. "Mimi siligusi."

Nililigusa mimi. Tulikuwa na giaboksi moja ya oto iliyotoka kwenye gari lililogongwa, nikaifungua mezani ili nijifunze. Ndani mlikuwa na njia za mafuta zilizopindapinda kama nyumba ya mchwa, na vigololi vidogo vidogo vya chuma. Kimoja kilipotea. Nilikitafuta chini ya meza, kwenye ndoo, kwenye mfereji, nikakipata jioni nyumbani ndani ya soksi yangu. Tangu siku ile kila kigololi kilikaa kwenye trei ya mayai, kila shimo na namba yake. Nyie mna simu za kupigia picha, lakini nawaomba trei ya mayai msiitupe. Picha haizuii kitu kubiringika.

Taratibu nikawa mtu wa oto. Nilizipenda. Mzee Nnko alipostaafu, akafariki baada ya miaka michache kwao Maji ya Chai, mimi ndiye niliyebaki na meza zote mbili, ya gia za mkono na ya oto, na gari langu mwenyewe lilikuwa oto. Niliposhinda siku nzima nikishindana na vyuma, sikuona raha gani ya kushindana navyo tena njiani.

Hapo ndipo tulipoanza ubishi na Daktari Eliakimu.

Daktari Eliakimu ni daktari wa meno, Mchaga wa Machame aliyeishi Arusha tangu ujana. Alikuwa na gari la spoti la viti viwili, paa la turubai, jekundu lililokuwa linaanza kupauka, gia tano za mkono. Kwa barabara zetu lilikuwa chini mno. Kila tuta kati ya Sakina na Ngaramtoni lilimkwaruza tumboni, na mara mbili kwa mwaka alikuja nilinyooshe bomba la moshi. Lakini kila Jumapili baada ya ibada alilipeleka barabara ya Longido, akapita vijiji kwa hamsini yake kama mtu mwenye adabu, na kule mbele ambako barabara inafunguka na kona zinafuatana, alibadilisha gia mpaka roho ikatulia. Halafu akarudi kula chakula cha mchana.

"Fundi," alikuwa ananiambia, "kuendesha oto ni kutafuniwa chakula. Unashiba, lakini umekula nini?"

"Daktari, wiki nzima unang'ang'ania magego ya watu. Jumapili nayo unataka kung'ang'ania?"

"Sing'ang'anii. Naongea na gari, na linanijibu."

"Langu halinisumbui kwa maongezi."

Siku moja alinichukua, nimkagulie beringi iliyokuwa inalia. Kule mbele ya Oldonyo Sambu akaja kwenye kona ya kushuka, akakanyaga klachi, akaligusa pedeli la mafuta kwa ukingo wa kiatu huku kidole gumba cha mguu kikiwa bado kwenye breki, akashusha kutoka gia ya nne hadi ya tatu. Gari halikushtuka hata kidogo. Lilishika kona kama kiganja kinavyoshika yai.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona beringi ni ya gurudumu la nyuma kulia," nikamjibu. Lakini nilikuwa nimeona, na yeye alijua.

Kisha akaanguka. Aliteleza kwenye ngazi za nyumbani kwake, goti la kushoto likavunjika vibaya. Alifanyiwa upasuaji, akafanya mazoezi miezi mingi, akarudi kutembea kwa fimbo. Goti halikurudi. Halikuweza kukunjika vya kutosha, na mguu haukuwa na nguvu ya kukanyaga klachi hata mara moja, sembuse mara mia njia nzima.

Alikuja gereji siku ya Jumatatu, mkewe akiendesha gari lao dogo la kwendea sokoni. Mkewe ni Mama Upendo, mwalimu mstaafu, mama mwembamba anayezungumza polepole kama anaandika ubaoni. Daktari hakushuka. Aliteremsha kioo.

"Fundi, kalichukue gari nyumbani. Liwekee oto."

Nilidhani atanitania. Hakunitania. Alikuwa anatazama mbele, mikono juu ya fimbo.

"Pole, Daktari."

"Nimeshapoa. Liwekee."

Kazi ile ni moja kati ya kazi ngumu nilizowahi kufanya, na wawili kati yenu mlikuwepo. Gari la aina ile liliwahi kutengenezwa la oto pia, kwa hiyo tulitafuta giaboksi yake Dar hadi tukaipata kwenye lililobomolewa. Haikutosha kubadilisha giaboksi. Tulibadilisha shafti, kompyuta, nyaya, na makanyagio yote. Zile gia za mkono nilizisafisha, nikazipaka mafuta, nikazifunga kwenye turubai na kuziweka juu ya kabati. Sikujua kwa nini. Labda sikutaka kuziona zikiuzwa chuma chakavu.

Lilitoka vizuri. Nasema hivyo bila majivuno, lilitoka vizuri sana. Gia zilibadilika bila mtu kusikia. Daktari akaliendesha hadi Ngaramtoni nikiwa pembeni, akageuza, akarudi. Njia nzima mkono wake wa kushoto ulikuwa unaenda kwenye gia na kurudi bila kitu.

"Kazi nzuri, Fundi," akasema. Akanirudishia funguo badala ya kuziweka mfukoni, kisha akakumbuka, akazichukua.

Baada ya hapo hakuliendesha. Mama Upendo ndiye aliyeniambia, alipoleta gari dogo kubadilishwa mafuta. Lile jekundu lilikuwa limefunikwa, na Jumapili Daktari alikuwa anakaa barazani na gazeti lilelile tangu asubuhi.

"Amenyamaza, Mama Baraka. Si kwamba ana hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya."

Niliyekuwa nikisifia oto kwa miaka yote ile ni mimi, na nilikuwa nimemfungia kwa mikono yangu kitu kilichomnyamazisha.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja nasikia mlio wa injini ninayoijua, natoka nje, gari jekundu linaingia getini, paa limefunguliwa. Ndani yupo Mama Upendo peke yake, kitambaa kichwani, miwani ya jua.

"Nimetoka Longido," akasema.

"Longido? Na nani?"

"Na nafsi yangu." Alishuka akacheka kama msichana aliyetoroka kwaya. "Betri ilikuwa inakufa, nikasema nilizungushe mtaani. Nikafika Sakina, nikaona mbona linakwenda. Mama Baraka, miaka yote nimekaa kiti cha kushoto nikiangalia mbuzi. Sikujua kwamba ukishika usukani wa gari hili barabara inapanda hadi mikononi."

Alikuwa hajawahi kuliendesha. Ujanani mumewe alijaribu kumfundisha gia za mkono, akamfokea mara moja pale Tengeru, Mama Upendo akashuka, akarudi nyumbani kwa basi, na habari ile ikaisha. Sasa hapakuwa na klachi. Alianza kwenda kila Jumapili. Mumewe alikataa kufuatana naye mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili akakubali, akakaa kushoto na fimbo yake katikati ya magoti.

Nilifurahi, nikasema basi, oto imeshinda. Nadhani niliwatangazia na ninyi wakati wa chai. Hilo ni mojawapo ya yale niliyokuja kuyakana.

Daktari akaja peke yake kwa teksi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasubiri nimalize.

"Gia zangu bado ziko juu ya kabati?"

"Zipo."

"Nizirudishie. Nimesoma kwamba watu wasio na mguu wanawekewa klachi ya mkononi."

"Inawezekana. Mama Upendo anajua?"

"Atajua."

"Daktari, lile gari sasa lina watu wawili. Siligusi mpaka mje wote."

Alinikasirikia. Aliniambia gari ni lake, kadi ina jina lake, na amenijua tangu sijaota mvi. Yote yalikuwa kweli. Nikamwambia nitamwitia teksi. Lilikuwa jambo gumu, maana namheshimu kama kaka. Lakini nilikuwa nimeuona uso wa mama yule siku aliyotoka Longido.

Walikuja wote Ijumaa. Niliwapa chai nikataka kuondoka, Mama Upendo akanishika mkono nibaki.

"Sema ulichoniambia jana," akamwambia mumewe.

Daktari alizungusha fimbo. "Nilisema nikikaa kushoto najiona kama mzigo."

"Mimi nilikaa hapo miaka thelathini na kitu. Nilikuwa mzigo?"

Fimbo ikaacha kuzunguka. Nilitazama chai yangu.

"Sikuuliza ili nikuumize," Mama Upendo akaendelea kwa ile sauti yake ya darasani. "Nataka uendeshe, Baba Upendo. Nimekukumbuka ukiwa unaendesha. Lakini na mimi sishuki. Mama Baraka, hiyo klachi ya mkono, mtu mwenye miguu yake miwili anaweza kuitumia?"

"Anaweza. Ila atajifunza upya kama mtoto."

"Yeye je?"

"Naye atajifunza upya kama mtoto."

Akamgeukia mumewe. "Basi tutakuwa darasa moja. Na hapa hakuna wa kumfokea mwenzake."

Daktari alicheka kidogo, cheko la pembeni, akasema kwa Kichaga, kama anayemshukuru mwanamume mwenzake, "Aika, mbe." Mkewe akamgonga begani na mkoba, na mambo yakawa yameisha.

Tukarudisha gia za mkono. Klachi yenyewe niliichora mara nne kabla sijaikubali. Tulichukua mkono wa klachi wa bodaboda, tukaufunga kwenye rungu la gia, ili vidole vya mkono wa kushoto vibane klachi wakati kiganja kinasukuma gia. Vidole peke yake havina nguvu ya kusukuma klachi ya gari, kwa hiyo waya wake ulienda kwenye lile dude la mviringo linaloongeza nguvu ya breki, tulilolitoa kwenye gari dogo lililogongwa. Linatumia upepo unaovutwa na injini. Ukibana kidogo, lenyewe linamalizia. Wiki nzima ilikuwa ama linamalizia kwa pupa, ama linasinzia, mpaka tulipobadilisha springi. Tulilipeleka kwa mkaguzi wa magari, mtu asiyecheka, akalisimamisha kwenye mwinuko mara tano kabla hajasaini. Msije mkaiga kazi ile mkakwepa ukaguzi.

Walijifunzia Terrat, kwenye uwanja wa mpira, asubuhi za Jumamosi kabla wachezaji hawajafika. Nilitegemea Daktari atashika mara moja. Haikuwa hivyo. Mguu wake uliokufa ulikumbuka kila kitu. Kila alipotaka kubadilisha gia, paja la kushoto lilijaribu kukanyaga sakafu, na vidole vikachelewa. Gari liliruka kama mbuzi. Mama Upendo hakuwa na cha kusahau. Jumamosi ya tatu alikuwa anatoka ya kwanza hadi ya tatu bila kishindo, midomo ikihesabu kimyakimya.

Kisha wakataka barabara. Ilikuwa siku ya soko Ngaramtoni, nikawaambia tungoje, Daktari akakataa. Alishika usukani yeye, mkewe kushoto, mimi nyuma na pikapu ya gereji. Alikwenda vizuri hadi tulipolivuka soko, na mimi nikaanza kupumua. Pale kwenye mwinuko, punda saba wenye mizigo wakaingia barabarani, wakasimama kufikiri. Daktari akasimama. Punda wakaondoka. Gari halikuondoka.

Lilizima mara ya kwanza. Akawasha. Likaruka, likazima. Nyuma yangu lori likapiga honi, na nyuma ya lori basi la Namanga. Akina mama waliokuwa wanarudi na madumu ya maziwa wakasimama kutazama, mmoja akasema kwa Kimasai jambo ambalo sitaliandika hapa. Mara ya tatu likarudi nyuma nusu hatua kuelekea kwangu, likazima. Nikaona kichwa cha Daktari kimeinama juu ya usukani. Nikasema hapa ndipo atakapoliacha gari hili moja kwa moja, na kosa ni langu.

Nikafungua mlango niwaendee. Kabla sijafika nikasikia Mama Upendo akisema, kwa upole kabisa:

"Shuka, Baba Upendo, nikutoe."

Daktari alimtazama. Akatazama lori, basi, akina mama wa maziwa. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka fimbo ikamponyoka, nikamwokotea. Akashuka, akazunguka mbele ya gari akichechemea huku akiinua mkono kuwaomba radhi madereva wote wa barabara ya Namanga.

Mama Upendo akahamia kiti cha dereva, akakivuta mbele. Mguu wa kulia breki, vidole vikabana, ya kwanza ikaingia. Akaachia vidole pole, pole, pua ya gari ikainuka kidogo, akahamisha mguu kwenye mafuta, na likaondoka kama maji. Akina mama wa maziwa wakapiga vigelegele. Ya pili. Ya tatu. Nikiwa bado nimesimama lamini, dereva wa lori akaniuliza kama ningependa aniegeshee na pikapu.

Baadaye Daktari naye alijua. Ilimchukua miezi. Sasa wanagawana: mmoja anaendesha kwenda, mwingine kurudi, na mwenye kukaa kushoto ndiye anayechagua pa kula. Mnaponiuliza ipi tamu, oto au gia za mkono, nawaambia nililojua baada ya kazi ile: muulizeni mteja nani mwingine anapanda. Mimi bado naendesha oto yangu na sina malalamiko.

Wiki yangu ya kwanza ya mapumziko, nikiwa bustanini nakata majani ya ng'ombe, simu ikaita. Mama Upendo.

"Mama Baraka, waya wa klachi umelegea. Ya pili inakwaruza."

"Nimestaafu, Mama. Piga gereji."

"Najua umestaafu, hongera sana. Nielekeze tu. Spana namba kumi ninayo mkononi."

Nikaweka panga chini, nikakaa kwenye jiwe. Nikamwambia atafute nati mbili zilizokumbatiana chini ya waya, ashike moja asiizungushe, alegeze nyingine, avute waya ukaze, kisha azifunge tena. Nikamsikia akihema, kisha Daktari kwa mbali akiuliza kama amshikie kitu, akajibiwa ashike kurunzi na asiongee. Injini ikawaka.

"Imeingia," akasema Mama Upendo.